Betri ya risasi ikifa: namna ya kuitoa gereji hadi kiwandani bila kuvunja sheria

Mwongozo huu ni wa wenye gereji, wauza betri, mafundi wa sola na yeyote anayebaki na betri kuukuu za gari, lori, pikipiki au mnara wa simu. Tumeuegemeza Kenya, ambako sheria zake zimepitia majaribio makali mahakamani. Karibu na mwisho kuna maelezo ya Tanzania Bara, Zanzibar na Uganda, na ya wanaotaka kuvusha mzigo mpakani.

Jambo moja linabeba mengine yote: betri isafiri nzima, ikiwa na asidi yake ndani, na karatasi ziifuate mpaka mlangoni mwa kiwanda. Makosa mengi tunayoyaona, ya kisheria na ya kiafya, huanza pale mtu anapoipasua au kuimwaga.

Sheria inayokuhusu

Ya kwanza ni Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999, inayojulikana kwa kifupi kama EMCA, ambayo ndiyo iliyounda NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Chini yake kuna Kanuni za Usimamizi wa Taka za 2006, zinazosema nani anahitaji leseni na mzigo unasafirishwaje. Kisha ikaja Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022. Hii, katika kifungu cha 13, inamtwika mzalishaji na mwagizaji wa bidhaa jukumu la bidhaa hiyo hata baada ya mteja kuimaliza. Kwa hiyo anayeingiza betri nchini hawezi kusema kazi yake iliisha siku alipouza.

Betri ya risasi ni taka hatari kwa sababu mbili zisizotegemeana: risasi ni sumu, na asidi ya sulfuriki inaunguza. Hata ukiondoa moja, nyingine inabaki. Betri za jeli na zile zinazouzwa kama "kavu" hazitoki katika kundi hili, maana asidi imo ndani, imenyonywa tu na kitambaa cha nyuzi za kioo au imegandishwa.

Adhabu si ya kubeza. Kifungu cha 141 cha EMCA, kama kilivyoandikwa 1999, kinataja faini isiyopungua shilingi milioni moja, au kifungo kisichopungua miaka miwili, au vyote viwili, kwa anayeshindwa kushughulikia taka hatari inavyotakiwa.

1. Hakikisha betri imekufa kweli

Betri inayoweza kufufuka bado si taka, nayo inakuingizia pesa zaidi kuliko kuiuza kwa kilo. Ichaji hadi ijae, iache saa kadhaa bila kuunganishwa na kitu, kisha pima. Betri ya volti 12 iliyo nzima husoma karibu 12.6 hadi 12.7. Ikisoma karibu 10.5, seli moja kati ya sita imekufa. Kama ina vifuniko vya kufungua, pima uzito wa asidi ukilinganishwa na wa maji kwa haidromita: seli iliyojaa husoma takriban 1.265 hadi 1.280, na seli moja ikipungukiwa na wenzake kwa 0.050 au zaidi baada ya kuchajiwa, betri hiyo imefikia mwisho.

Usiingie katika biashara ya kufungua betri na kubadilisha mabamba. Kupasua kasha ni kuchakata taka hatari. Kazi hiyo ina leseni yake, na gereji ya kawaida haina.

2. Mwenye betri moja au mbili

Irudishe pale unaponunua mpya. Wauzaji wengi wa betri hupunguza bei mteja akirudisha kuukuu, nao wana njia ya kuifikisha kwa mtengenezaji au myeyushaji. Ibebe ikiwa wima kwenye karai la plastiki, si kwenye kiti wala kwenye buti tupu. Omba risiti inayoandika kwamba betri kuukuu imepokewa.

Usimpe mwenye mkokoteni anayepita mtaani, hata akikupa bei nzuri zaidi. Huyo hulipwa kwa kilo na anayemnunulia mara nyingi hataki uzito wa maji, kwa hiyo asidi itamwagwa kwenye mtaro kabla betri haijafika popote.

3. Kuhifadhi kwenye gereji au duka

Hapa ndipo wakaguzi hutazama kwanza, na ndipo madhara madogo ya kila siku hujikusanya. Chagua sehemu yenye paa, mbali na chakula, maji ya kunywa na mahali watoto wanapopita. Sakafu iwe ya saruji iliyopakwa rangi ya epoksi au kutandikwa shiti nene la plastiki, kwa kuwa asidi hula saruji tupu na kupenya hadi kwenye udongo. Jenga kizingiti kifupi kuzunguka eneo lote, na ziba tundu lolote la maji machafu lililomo ndani. Betri ya gari dogo ya kilo 15 ina asidi ya lita mbili hadi tatu hivi. Kizingiti kisichoweza kuzuia asidi ya betri kadhaa zikipasuka kwa pamoja hakina kazi.

Hewa ipite juu, karibu na dari. Betri iliyokuwa ikichajiwa hutoa haidrojeni, na gesi hiyo ikifika asilimia 4 ya hewa ya chumba inaweza kulipuka kwa cheche moja. Kwa hiyo hakuna sigara humo, hakuna kuchomelea wala kukata vyuma.

Panga betri juu ya paleti ya mbao au ya plastiki, zikiwa wima, vifuniko vikiwa vimekazwa. Ziba vichwa vyote viwili kwa tepu ya umeme: betri "iliyokufa" bado ina nguvu ya kutosha kuwasha moto spana ikiangukia juu yake. Weka kipande kigumu cha boksi kati ya safu na safu, na usipite safu tatu. Iliyopasuka au inayovuja iingie peke yake kwenye pipa la plastiki lenye kifuniko. Usitumie pipa la chuma.

Kisha tenga betri za lithiamu. Siku hizi zinauzwa kwa ajili ya sola zikiwa kwenye kasha linalofanana kabisa na la betri ya risasi, na fundi mwenye haraka anazichanganya. Dalili rahisi ni uzito, maana ya lithiamu ni nyepesi mno kwa ukubwa wake. Ikifika kwenye mashine ya kuvunjia au kwenye tanuri pamoja na za risasi, inawaka au kulipuka. Shehena nzima inaweza kukataliwa kwa sababu ya moja.

Kanuni za 2006 zinataka chombo au kifungashio cha taka hatari kibandikwe lebo inayosomeka: ni taka gani, imetoka kwa nani na anwani yake, kiasi chake, onyo la hatari, na huduma ya kwanza. Andika kwa Kiswahili na Kiingereza, kwa wino usiofutika. Kando ya lebo weka daftari lenye tarehe, idadi, uzito, betri ilikotoka na ilikokwenda. Daftari hilo linakulinda pia dhidi ya mali ya wizi. Betri za minara ya simu huibwa sana, na polisi wakizikuta kwako bila maandishi, utaeleza wewe.

Usizirundike hadi zijae chumba. Duka la kawaida lingefaa kuzitoa kila mwezi.

4. Asidi ikimwagika

Andaa kabla: glavu za mpira, gambuti, aproni ya plastiki, miwani ya kukinga macho, ndoo ya mchanga mkavu, na gunia la magadi au chokaa iliyozimwa. Usitumie chokaa mbichi, huchemka ikikutana na majimaji.

Zungushia mchanga kwanza ili isitambae, ndipo unyunyize magadi kutoka pembeni kwenda katikati. Kwa kila lita ya asidi ya betri utahitaji karibu kilo moja ya magadi, au nusu kilo ya chokaa iliyozimwa. Watu wengi hutupa konzi mbili wakaona povu, wakadhani kazi imekwisha. Endelea hadi povu lisitoke tena, kisha pima kwa karatasi ya litmasi, ile inayogeuka nyekundu kwenye asidi. Zoa kwa koleo la plastiki.

Ulichozoa bado ni taka hatari. Magadi yanaua ukali wa asidi, lakini risasi iliyoyeyuka au kuelea ndani yake haiendi popote. Tope hilo liingie kwenye ndoo yenye kifuniko na lebo, lisafiri na shehena ya betri. Ukilimwagia maji likaingia mtaroni, umeondoa kuungua na kuacha sumu.

Asidi ikimrukia mtu machoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kope zikiwa zimefunguliwa, kisha hospitali. Usitie magadi machoni wala kwenye ngozi.

5. Kumchagua msafirishaji

Huwezi kupakia betri kwenye pikapu ya jirani. Anayesafirisha taka kwa biashara lazima awe na leseni ya NEMA, na leseni hiyo hudumu mwaka mmoja. Mwombe nakala kabla hamjazungumza bei, uangalie mambo manne: jina lililoandikwa ni la kampuni inayokulipa, tarehe haijapita, leseni inataja taka hatari, si takataka za majumbani tu, na namba ya gari lililokuja ni ile iliyosajiliwa kwa kazi hiyo. Hili la mwisho ndilo hupuuzwa zaidi. Leseni ni halali, lakini gari lililotumwa ni la binamu yake.

Wengi pia huchanganya leseni hii na ile ya vyuma chakavu. Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015 ina Baraza lake na leseni yake, na mwaka 2022 serikali ilisimamisha biashara hiyo kuanzia Januari kwa sababu ya uharibifu wa miundombinu, hasa ya umeme, kabla ya kuifungua tena Mei. Mwenye leseni ya vyuma chakavu anaweza kununua bomba na mabati. Leseni hiyo peke yake haimruhusu kubeba taka hatari, na wewe uliyempa betri ni mhusika wa kosa hilo.

Katika upakiaji, betri zikae juu ya paleti, zizungushiwe nailoni ya kufungashia na kufungwa mikanda. Gari liwe na turubai juu na sakafu isiyovuja. Kwa utaratibu wa kimataifa wa mizigo ya hatari, betri zenye asidi ya majimaji ni UN 2794, daraja la 8, la vitu vinavyounguza. Zisizomwagika ni UN 2800. Andika namba hiyo kwenye kifungashio, ili wazimamoto watakaofika gari likipinduka wajue wanakutana na nini.

6. Hati ya ufuatiliaji na mizani

Kila shehena huambatana na hati ya ufuatiliaji wa taka, ambayo fomu yake imo kwenye Kanuni za 2006. Wewe uliyetoa taka unajaza sehemu yako na kusaini, msafirishaji anasaini yake, na kiwanda kinathibitisha kupokea. Shehena ikishafika, dai nakala yenye sahihi zote tatu. Hati yenye sahihi mbili inaonyesha tu kwamba betri ziliondoka kwako.

Linganisha uzito. Pima mwenyewe kabla ya kupakia, kisha omba karatasi ya mizani ya kiwandani. Katika betri ya kawaida, risasi na kemikali zake ni kama asilimia 65 hadi 75 ya uzito, na asidi ni asilimia 15 hadi 25; kinachobaki ni plastiki na vitenganishi. Ukituma kilo 1,000 na kiwanda kikaandika 810, hakuna mizani inayokosea kiasi hicho. Asidi imemwagwa njiani, katika eneo la watu, na jina lako liko juu ya hati.

Tatizo hili linaanzia kwenye bei, na dawa yake iko hapo hapo. Mnunuzi akilipa bei moja kwa betri iliyokaushwa na akimkata sana anayeleta yenye maji, amemlipa mtu amwage. Kubalianeni bei ya betri nzima, yenye asidi, kwa kilo, na muandike kwamba iliyotobolewa au kukaushwa itakataliwa. Mwenye kundi kubwa la betri, kama kampuni ya mabasi au hoteli, ana nguvu ya kulazimisha sharti hilo na anapaswa kulitumia.

7. Unamuuzia nani hasa

Kiwanda kinachoruhusiwa kuyeyusha betri lazima kiwe na leseni ya tathmini ya athari kwa mazingira, leseni ya kushughulikia taka hatari, na ripoti ya ukaguzi wa mazingira ya kila mwaka. Ziombe. Kama unatoa tani kwa mwaka, nenda ukaone. Kasha linapasuliwa na mashine ndani ya jengo, si kwa panga. Asidi inakusanywa na kusafishwa kwenye matangi, plastiki inaoshwa, na tanuri lina mifuko ya kuchuja moshi. Uliza mabaki ya tanuri, ile takataka ngumu nyeusi, yanapelekwa wapi. Jibu la "tunajazia barabara" linatosha kukufanya ugeuze gari.

Kwa nini tunasisitiza hivi: kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi ukutani mwa nyumba za watu kati ya 2007 na 2014. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wake, aligundua mwanawe ameathirika na risasi, akaanzisha mapambano yaliyompatia Tuzo ya Goldman, ya watetezi wa mazingira, mwaka 2015. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikautengua uamuzi huo mwaka 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurejesha. Mashirika ya serikali yalikuwa miongoni mwa walioshtakiwa. Fedha hizo hazitoi risasi kwenye damu ya mtoto. Huko Thiaroye-sur-Mer, kitongoji cha Dakar nchini Senegali, watoto 18 walikufa kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 katika eneo ambako watu walipasua betri na kuchekecha mchanga wake majumbani.

Ndiyo maana kuyeyusha nyumbani hatukutolei maelezo yake. Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327, joto ambalo jiko la mkaa hulifikia kwa urahisi, na watu wa pwani wamekuwa wakiyeyusha mabamba ya betri kutengeneza chubwi za nyavu na mishipi. Mabamba ya betri kuukuu si risasi safi. Mengi ni unga wa oksidi na salfeti unaopeperuka ukiguswa. Unga huo unatua kwenye sufuria, kwenye mchanga wa uwanja, kwenye mikono ya mtoto anayetambaa. Kwa Shirika la Afya Duniani hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Nunua chubwi iliyokwisha tengenezwa, au tumia mawe.

8. Wafanyakazi

Anayeshika betri kila siku asile wala kuvuta sigara eneo la kazi. Anawe mikono na uso kwa sabuni kabla ya chakula, na nguo za kazi zibaki kazini, zifuliwe huko. Nguo ya baba iliyofuliwa pamoja na nepi ndiyo njia ya risasi kuingia nyumbani. Sakafu isifagiliwe kavu. Ipigwe deki kwa kitambaa chenye maji, na maji hayo yakusanywe. Mjamzito asipewe kazi hii hata kidogo, kwa sababu risasi hupita kwenye kondo hadi kwa mtoto. Mwajiri alipie kipimo cha risasi kwenye damu, angalau mara moja kwa mwaka, na mara nyingi zaidi kwa wanaopasua au kuyeyusha. Maumivu ya tumbo yasiyoeleweka, kufunga choo, uchovu na ganzi ya mikono ni dalili za kumpeleka mtu kupimwa, si za kumpa dawa ya minyoo.

9. Nje ya Kenya, na mpakani

Tanzania Bara ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, Sura ya 191, inayosimamiwa na NEMC, baraza la taifa la mazingira. Kanuni zake za taka hatarishi zinataka kibali kwa kukusanya, kusafirisha, kuhifadhi na kusafirisha nje. Leseni ya biashara ya halmashauri haitoshelezi. Mazingira si jambo la Muungano, kwa hiyo Zanzibar ina sheria yake ya 2015 na mamlaka yake, ZEMA. Anayetaka kuvusha betri kuukuu kwa jahazi au meli kutoka Unguja kwenda Dar es Salaam aanzie kwa ZEMA, kisha apate ruhusa ya NEMC, kabla ya kupakia. Uganda inatumia Sheria ya Taifa ya Mazingira ya 2019 na Kanuni za Taka za 2020, chini ya NEMA ya huko.

Kuvuka Namanga, Busia au Horohoro na lori la betri kuukuu ni biashara ya kimataifa ya taka hatari, hata kama safari ni ya kilomita 50. Mkataba wa Basel wa 1989 unaziorodhesha kwa alama A1160. Utaratibu wake ni huu: mamlaka ya nchi inayotoa huijulisha kwa maandishi nchi inayopokea na kila nchi mzigo unakopita, zote zijibu kwa maandishi kwamba zimekubali, pawe na mkataba na kiwanda kitakachopokea, na bima, kisha hati ya safari iambatane na mzigo mwanzo hadi mwisho. Majibu huchukua muda mrefu, kwa hiyo anza kabla ya kukusanya shehena, usije ukakaa na kontena limejaa bandarini Mombasa likikulia gharama za uhifadhi.

Mzigo ukikamatwa bila idhini hizo, na kosa likiwa la aliyeutuma, nchi yake inatakiwa kuhakikisha unarudishwa, kwa kawaida ndani ya siku 30 tangu ilipoarifiwa. Kuandika "chuma chakavu" au "betri zilizotumika, kwa matumizi" kwenye hati za forodha hakubadilishi hilo. Afisa akizipima volti na kukuta nyingi zimekufa, tamko hilo la uongo linakuwa kosa jingine juu ya la kwanza.